Lejioni ya Kirumi kwenye mchezo na kwenye uwanja wa vita

Swali: Mwalimu, shikamoo. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikicheza michezo ya kompyuta ya vita vya Roma, na nilidhani najifunza historia humo. Rafiki yangu anayesoma historia chuoni hunicheka. Anasema hakuna lejioni iliyowahi kupigana namna ile na kwamba mchezo wangu ni katuni tu. Je, ni kiasi gani cha ninachokiona ni kweli? Na nikitaka mchezo wenye uhalisia, nitazame nini?

Jibu: Marahaba. Rafiki yako ana haki nusu, ingawa nashuku kwamba anakucheka kwa sababu isiyo yenyewe. Wengi wanapohoji uhalisia wa michezo hii huanza na mavazi: ngao ina umbo gani, chapeo ni ya karne ipi, upanga una urefu gani. Hayo ni mambo madogo, na mara nyingi watengenezaji wa michezo huyapatia kuliko watengenezaji wa sinema. Kosa kubwa liko mahali ambapo jicho halifiki upesi, yaani katika muda ambao vita huchukua, katika kile ambacho jemadari anaweza kukiona, na katika suala la nani hasa anayeamua askari wafanye nini. Mavazi nitayapitia haraka, kisha nitakaa kwenye hayo mengine.

Askari wa Kirumi tuliyemzoea kwenye picha, mwenye deraya ya mabamba ya chuma yaliyopishana mabegani na kifuani, ni askari wa kuanzia miaka ya karibu na kuzaliwa kwa Kristo hadi karne ya tatu hivi. Ukimkuta akimfuata jemadari Julius Caesar huko Gallia, yaani Ufaransa ya leo, mwaka 52 KK, ujue mchoraji amemvika babu nguo za mjukuu. Askari wa Caesar walivaa zaidi deraya ya pete ndogo za chuma zilizosukwa pamoja, na hata baada ya mabamba kuingia, deraya ya pete haikuacha kutumika. Kosa la aina hiyo lililo wazi zaidi ni lile la Rome: Total War, mchezo wa mwaka 2004, ambao hadithi yake inaanza mwaka 270 KK lakini Wamisri wake wamevaa kama watu wa enzi za mafarao wa zamani sana. Misri ya wakati huo ilitawaliwa na ukoo wa akina Ptolemy, wenye asili ya Makedonia, na jeshi lao lilipigana kwa falanksi, ile safu nene ya mikuki mirefu, kama lilivyofanya kwenye vita vya Raphia mwaka 217 KK.

Mchezo huohuo una tukio liitwalo mageuzi ya Marius, jemadari wa Kirumi, ambapo aina za zamani za askari hukoma kupatikana na mahali pake huingia kohorti, yaani vikosi vya watu mamia kadhaa, za askari wa kudumu. Wanahistoria wengi wa leo hawayakubali mageuzi hayo kama tukio moja la mtu mmoja. Marius alikuwa konsuli, mmoja wa watawala wawili wa Roma wa mwaka, kwa mara ya kwanza mwaka 107 KK na ni kweli aliandikisha watu wasio na mali, lakini Polybius, mwanahistoria Mgiriki, analitumia neno kohorti anapoeleza vita vya Ilipa huko Hispania vya mwaka 206 KK, karne nzima kabla. Mabadiliko yalikuja polepole. Mchezo unahitaji siku moja ya kubadilisha kila kitu, na hapo siulaumu sana, kwa maana kalenda ya mchezo ni fupi.

Kuhusu idadi, nitatumia neno akida kwa yule afisa ambaye Walatini walimwita centurio, kama walivyofanya wafasiri wa Biblia ya Kiswahili. Kornelio wa Matendo ya Mitume, utakumbuka, ni akida wa kikosi cha Kiitalia, na kikosi hicho kilikuwa kohorti. Katika enzi za makaizari akida aliongoza watu wapatao 80, ingawa jina lake linatokana na mia moja. Vikosi sita vya watu 80 vilifanya kohorti ya watu 480, na kohorti 10 zilifanya lejioni ya watu wapatao 5,000. Hizo ni hesabu za kwenye karatasi. Huko Pharsalus mwaka 48 KK, alipopigana na mpinzani wake Pompey, Caesar mwenyewe anasema alikuwa na kohorti 80 zenye watu 22,000, maana yake kila kohorti ilikuwa na watu 275 kwa wastani. Maradhi, majeraha na vita vya miaka kumi vilikuwa vimezila. Mchezo unaokupa kila kikosi kikiwa kimejaa tangu mwanzo, na kukijaza tena kila ukipita mjini, umekunyima jambo la kwanza ambalo jemadari wa Kirumi alilijua kila asubuhi.

Sasa tuje kwenye muda, kwa sababu hapa ndipo kiini kilipo. Sisi tunaosema Kiswahili tuna bahati ndogo ambayo wasomaji wa lugha za Ulaya hawana: Warumi walihesabu saa za mchana tangu jua linapochomoza, kama sisi. Caesar anaposema kwamba vita vya Bibracte huko Gallia mwaka 58 KK vilipiganwa tangu saa ya saba hadi jioni, huna haja ya kugeuza kitu. Ni kama saa saba mchana. Anaongeza kwamba katika muda wote huo hakuna aliyeweza kumwona adui akigeuza mgongo. Mwandishi Mgiriki Plutarch naye anasema vita vya Pydna vya mwaka 168 KK, kati ya Warumi na Wamakedonia, vilianza saa tisa alasiri na vikawa vimekwisha kabla ya saa kumi, na anavitaja kuwa vya ajabu kwa ufupi wake. Basi tazama: saa moja nzima ilionekana kuwa vita vya haraka mno. Kwenye kompyuta yako safu mbili hukutana, panga hulia, na baada ya dakika kumi upande mmoja umebaki na theluthi ya watu wake na mwingine unakimbia.

Jaribu kulipima hilo kwa mwili wako. Chukua kitu cha kilo sita au saba mkono wa kushoto mfano wa ngao, na fimbo mkono wa kulia, halafu pigana na gunia kwa nguvu zako zote. Nimelifanya jambo hili na wanafunzi wangu, vijana wacheza mpira, na hakuna aliyefika dakika tano kabla mkono wa ngao haujashuka. Kama watu hawawezi kupigana mfululizo kwa dakika kumi, saa zote zile za Bibracte zilijazwa na nini?

Kuna kidokezo katika hesabu ya waliokufa. Huko Pharsalus Caesar anasema alipoteza askari wasiozidi 200, huku akidai kwamba upande wa Pompey walikufa 15,000. Huko Pydna, mwanahistoria Mrumi Livius anataja Warumi wasiozidi mia moja kwa Wamakedonia 20,000. Hata tukikubali kwamba washindi walipunguza hesabu zao na kuongeza za adui, mtindo unajirudia katika vita vingi mno kuweza kupuuzwa. Philip Sabin, aliyefundisha chuo kikuu cha King's College London, mwanahistoria ambaye pia hutunga michezo ya vita, ndiye aliyeuliza swali hili kwa ukali zaidi: ikiwa mshindi kwa kawaida alipoteza watu wachache kiasi hicho baada ya saa kadhaa, haiwezekani safu hizo zilikuwa zikikatana muda wote. Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba safu zilisimama zikitazamana kwa umbali wa hatua chache, watu wakirusha mikuki, wakitukanana na kuvuta pumzi, kisha kikosi kimoja kikajipa moyo kikasogea, kukawa na mapigano makali ya dakika chache, na mmoja akarudi nyuma kidogo bila kukimbia. Mauaji makubwa yalikuja mwishoni, pale upande mmoja ulipogeuza migongo.

Ukilielewa hilo, utaelewa pia kwa nini Warumi walijipanga kwa safu tatu, jambo ambalo michezo mingi hulionyesha bila kujua kazi yake. Polybius anaeleza lejioni ya zamani yenye hastati 1,200 mbele, principes 1,200 nyuma yao, na triarii 600, watu wazima wenye mikuki mirefu, mwisho kabisa. Katika mapigano ya dakika kumi, kuacha zaidi ya nusu ya jeshi nyuma ni upumbavu, na ndiyo maana wewe, kama wachezaji wote ninaowajua, huwatupa wote mbele mara moja ili kuongeza upana na kuzunguka mbavu. Katika mapigano ya saa kadhaa, yanayoamuliwa na nani atachoka na kukata tamaa kwanza, kuwa na watu wenye pumzi nyuma yako ndiyo silaha yenyewe. Warumi walikuwa na msemo kwamba mambo yamefika kwa triarii, wakimaanisha kile ambacho sisi tungesema maji yamefika shingoni. Msemo huo unatuambia kwamba kwa kawaida hayakufika huko.

Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza ni hiki: je, mchezo unakuadhibu ukikosa akiba? Ikiwa unaweza kushinda kila mara kwa safu moja ndefu, unacheza mchezo wa vita fulani, lakini si wa vita vya Kirumi.

Jambo la pili ni jicho. Wewe unaelea juu ya uwanja kama mwewe. Unaona kilima cha nyuma, unaona wapanda farasi waliojificha msituni wakitoka, na unasimamisha dunia nzima kwa kubonyeza kitufe kimoja ili ufikiri. Linganisha na Caesar kwenye mto Sabis mwaka 57 KK. Lejioni zake sita zilikuwa zikijenga kambi, watu wametawanyika kutafuta miti na udongo wa boma, wakati Wanervii, kabila la kaskazini mwa Gallia, walipotoka msituni na kuvuka mto kwa mbio. Anaandika kwamba ilimpasa kufanya yote kwa wakati mmoja: kuinua bendera, kupiga tarumbeta, kuwaita watu kutoka kazini, kupanga safu. Muda ulikuwa mfupi kiasi kwamba askari hawakuweza kuvaa chapeo wala kuvua ngao mifuko yake. Naomba ukae kidogo na mfuko huo wa ngao. Ngao ya Kirumi ilikuwa ya mbao na ngozi, ikilowa huharibika, kwa hiyo ilisafiri imevikwa. Na siku hiyo watu walipigana na mifuko ikiwa bado imefungwa. Sijaona mchezo hata mmoja, wa kompyuta wala wa mezani, unaoijua mifuko ya ngao.

Kila askari alijiunga na bendera aliyoikuta kwanza, badala ya kupoteza muda akiitafuta ya kikosi chake. Vichaka vizito viliziba macho, na Caesar hakuweza kujua ni wapi panahitaji msaada. Upande wa kushoto lejioni ya IX na ya X zilikuwa zikishinda na kumfukuza adui ng'ambo ya mto, huku upande wa kulia lejioni ya XII ikiwa imebanwa hata watu wanazuiana wenyewe kwa wenyewe, maakida wote wa kohorti ya nne wakiwa wameuawa. Caesar alipofika hapo alikuwa hana ngao. Akamnyang'anya ngao askari wa safu ya nyuma, akaenda mbele, akawaita maakida kwa majina yao, na akaamuru bendera zisogezwe na watu waachiane nafasi ili wapate pa kutumia panga. Hayo ndiyo yaliyokuwa ndani ya uwezo wa jemadari mkuu katika saa mbaya kuliko zote: kuwafikia watu wa kikosi kimoja kwa sauti yake. Msaada uliogeuza mambo, yaani kurudishwa kwa lejioni ya X, uliamuliwa na naibu wake Labienus aliyekuwa upande wa pili wa mto na kuona kutoka huko yanayotokea kambini.

Hapo tumekwisha kuingia kwenye jambo la tatu, ambalo ni utii, na ambalo watengenezaji wa michezo hulikwepa kwa sababu za kibiashara zinazoeleweka. Mtu hanunui mchezo ili askari wampuuze. Hata hivyo, sifa kubwa ya lejioni ilikuwa kwamba sehemu zake ziliweza kuamua bila kungoja. Huko Pharsalus watu wa Caesar walikimbia mbele wakiwa na mikuki mkononi, wakaona askari wa Pompey hawatoki kuja kuwalaki. Basi, bila amri ya mtu, wakasimama katikati ya uwanja, wakapumzika ili wasifike wamechoka, kisha wakaendelea. Ukiliona hilo kwenye kompyuta utaandika malalamiko kwamba programu ina hitilafu. Na huko Cynoscephalae mwaka 197 KK, dhidi ya Wamakedonia, ofisa mmoja wa Kirumi, ambaye Polybius hata hamtaji jina, aliona kwamba falanksi ya upande wa pili imemwonyesha mgongo, akachukua vikosi 20 kutoka safu zilizokuwa zikishinda na kuipiga kutoka nyuma. Vita vikaamuliwa na mtu ambaye katika mchezo wako hana hata picha.

Isionekane kwamba jemadari hakuwa na kazi. Kazi yake kubwa ilikuwa kabla. Kule Pharsalus, Pompey alikuwa na wapanda farasi 7,000 dhidi ya 1,000, na amewarundika upande mmoja. Caesar akakisoma alichokusudia, akatoa kohorti katika safu yake ya tatu, sita kwa hesabu ya Plutarch, akazificha nyuma ya wapanda farasi wake na kuziambia zisisogee mpaka aashirie kwa bendera. Amri moja iliyopangwa mapema, ishara moja wakati wa vita, na baadaye ruhusa kwa safu ya tatu, iliyokuwa imekaa bila kupigana, iingie ikiwa na nguvu zake zote. Wewe katika dakika kumi unatoa amri mia mbili.

Sina budi kusema neno juu ya chakula pia, kwa sababu hapa michezo mingi haijaribu hata kidogo. Askari wa Kirumi, kwa posho anayoitaja Polybius, alipata si chini ya gramu 800 za ngano kwa siku, kwa hiyo lejioni moja iliyojaa ilihitaji karibu tani nne kila siku, bila kuhesabu nyumbu na farasi. Lakini sifikirii ugavi wa mwezi mzima. Nafikiria kifungua kinywa. Kwenye mto Trebia huko Italia, Desemba mwaka 218 KK, siku ya baridi kali na theluji, Hannibal, jemadari wa Karthago, aliwalisha watu wake asubuhi na kuwaacha wajipake mafuta kando ya mioto. Kisha akatuma wapanda farasi wa Numidia kwenda kuichokoza kambi ya Warumi. Konsuli Sempronius akatoka na jeshi lote, watu hawajala, wakavuka mto uliofurika na maji yakiwafika kifuani. Livius anasema walipotoka majini hawakuweza hata kushika silaha sawasawa. Mago, nduguye Hannibal, alikuwa amejificha kwenye mkondo wenye kingo za vichaka akiwa na wapanda farasi 1,000 na askari wa miguu 1,000, na wachezaji wote huukumbuka mtego huo kwa sababu unaonekana kwenye ramani. Uji ambao haukunyweka asubuhi hauonekani kwenye ramani. Na pamoja na yote hayo, Warumi wapatao 10,000 waliokuwa katikati walipasua safu iliyo mbele yao na kuondoka kwa mpangilio hadi mji wa Placentia. Katika mchezo wa kawaida, ubavu ukishavunjika, katikati nako huyeyuka baada ya sekunde chache.

Kuhusu utazame nini, mimi naegemea michezo ya ubao kuliko ya kompyuta, na nakiri kwamba ni upendeleo wa mtu aliyezeeka na dadu mkononi. Commands & Colors: Ancients, uliotoka mwaka 2006, una sura ya kitoto, vipande vya mbao kwenye vyumba vya pembe sita, lakini hukuruhusu kuamuru vikosi vichache tu kila zamu, na kadi ulizo nazo ndizo zinazoamua kama utagusa kushoto, katikati au kulia. Mchezaji mgeni hukasirika kwamba ubavu wake wa kulia unateketea na hana kadi ya kuusaidia. Caesar akiwa nyuma ya vichaka vya Sabis angemwelewa.

Usiutupe lakini ule wa kompyuta, kwa sababu unaweza kuurekebisha mwenyewe. Shusha kamera iwe nyuma ya kikosi cha jemadari wako na usiiinue tena mpaka vita viishe. Kitufe cha kusimamisha kisiguswe. Theluthi ya vikosi vyako ikae nyuma, na usiiguse mpaka safu ya mbele ianze kuyumba. Kisha jiwekee amri sita kwa vita vizima, ziandike kwenye karatasi kabla hujaanza, na kila ukitumia moja ikate. Anza na Trebia, upande wa Warumi, na uchague vikosi vilivyochoka tangu mwanzo kama mchezo wako unaruhusu; lengo lako lisiwe kushinda, liwe kuwafikisha Placentia watu wengi kuliko 10,000. Rafiki yako mwalike akae upande wa Hannibal, naye pia apewe amri sita.